Harufu ya mifugo na mbwa garini: Kwa nini hurudi, na jinsi ya kuing'oa kabisa

WENYE magari katika kituo cha biashara cha Chepseon, kilicho kando ya barabara kuu itokayo Kericho kuelekea Mau Summit, wanalifahamu vyema tatizo hili. Gari huoshwa Jumamosi likang'aa ndani na nje, likapuliziwa manukato, na kila aliyepanda akasifu. Jumatatu, baada ya mvua ya alasiri na jua la asubuhi, mlango unapofunguliwa harufu ya kondoo aliyebebwa majuma matatu yaliyopita inamlaki mwenye gari kana kwamba mnyama yule angali amelala kwenye kiti cha nyuma.

Si Chepseon pekee. Kote katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, gari dogo la familia hufanya kazi za magari matatu. Asubuhi hupeleka maziwa, mchana hubeba abiria, na siku ya soko viti vya nyuma hukunjwa ili mbuzi, kondoo au kuku wapate nafasi. Toyota Probox, ambalo limekuwa gari la kila kazi katika eneo hili, limependwa kwa sababu hiyo hiyo: lina nafasi pana nyuma na halichagui mzigo. Wengine hubeba mbwa wa kulinda boma wanapompeleka kwa daktari wa mifugo kuchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na paka akihamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine husafiri kwenye gunia au katoni.

Harufu inayobaki si jambo la kuchekewa tu. Mwenye gari la abiria hupoteza wateja, kwani msafiri aendaye kazini au harusini hataki kushuka akinuka beberu. Anayetaka kuuza gari hupunguziwa bei mnunuzi anapokunja pua. Mwenye ugonjwa wa pumu hubanwa na kifua kutokana na chembechembe za ngozi na mate ya wanyama, ambazo hudumu kwenye vitambaa muda mrefu baada ya mnyama mwenyewe kuondoka. Tena, baadhi ya watu wamezoea kuitafutia harufu dawa kwa kuchanganya kemikali zinazoweza kumdhuru mtu vibaya ndani ya chumba kidogo kama kile cha gari.

Kwa bahati nzuri, harufu ya aina hii ina chanzo chake, na chanzo kikijulikana huweza kuondolewa kwa vitu vinavyopatikana dukani kwa bei nafuu. Kinachohitajika zaidi ni utaratibu na subira.

Kwa nini harufu hurudi

Kiti cha gari kina tabaka mbili au zaidi. Juu kuna kitambaa, chini yake kuna sponji nene. Sakafu nayo ina kapeti, na chini ya kapeti kuna pamba au sponji nyingine ya kuzuia kelele. Mkojo au maziwa yakimwagika, hayakai juu. Hupenya kitambaa kwa dakika chache na kutua ndani ya sponji, mahali ambapo brashi ya muosha magari haifiki.

Mwosha gari anaposugua juu kwa sabuni, husafisha kitambaa na kuacha sponji kama ilivyokuwa. Pengine huongeza madhara, kwa kuwa maji yake husukuma uchafu ndani zaidi na kuuachia unyevu. Bakteria nao hustawi palipo na unyevu na chakula. Ndiyo maana gari huweza kunuka zaidi baada ya kuoshwa kuliko kabla.

Hali ya hewa ya Kericho huzidisha taabu. Eneo hili liko takriban mita 2,000 au zaidi juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua karibu mwaka mzima, mara nyingi wakati wa alasiri. Sponji iliyolowa ambayo ingekauka kwa siku moja Kisumu au Mombasa, huweza kukaa na unyevu siku kadhaa Chepseon. Hapo tatizo la mkojo huzaa la pili, nalo ni ukungu, ambao una harufu yake.

Jua nalo lina kazi mbili. Hukausha, lakini pia hupasha joto na kufanya kemikali zilizojificha ziruke hewani kwa wingi. Ndiyo sababu gari lililofungwa vioo na kuachwa juani hunuka kuliko gari lililo kivulini. Harufu hiyo haikuzaliwa upya, ilikuwa imelala.

Kila mnyama na harufu yake

Kosa la kwanza la wengi ni kuzitibu harufu zote kwa dawa moja. Ukweli ni kwamba harufu ya mkojo, ya beberu, ya kuku na ya maziwa hutokana na vitu tofauti.

Mkojo wa mbwa, mbuzi na kondoo una urea. Ukiwa mbichi haunuki sana. Baada ya muda, bakteria huivunja urea hiyo na kutoa amonia, ile gesi inayochoma pua na macho katika zizi lisilosafishwa. Amonia ina tabia ya alikali, kwa hiyo hutulizwa na asidi hafifu kama siki.

Mkojo wa paka una jambo la ziada. Ndani yake mna kemikali iitwayo felinini, yenye salfa, ambayo huvunjika polepole na kutoa harufu kali inayozidi kadiri siku zinavyosonga. Paka dume ambaye hajahasiwa huwa nayo kwa wingi zaidi. Hii ndiyo sababu doa la paka huonekana dogo siku ya kwanza na kuwa msiba juma la pili.

Beberu hanuki kwa sababu ya uchafu. Manyoya na ngozi yake hubeba asidi za mafuta, mojawapo ikiitwa asidi ya ethiloktanoiki, ambayo pua ya mwanadamu huitambua hata ikiwa kwa kiasi kidogo mno. Kwa kuwa ni mafuta, maji matupu hayaiondoi. Huhitaji sabuni inayokata mafuta. Kondoo naye hubeba mafuta ya sufu yanayoganda kwenye kitambaa cha kiti na kushika vumbi na uchafu mwingine.

Kinyesi cha kuku hakina mkojo wa maji kama wa wanyama wengine. Ule weupe unaoonekana juu yake ni asidi ya uriki, ambayo haiyeyuki kwa urahisi katika maji. Ikikauka kwenye kapeti hukaa kimya, na ikilowa tena bakteria huigeuza kuwa amonia. Kwa hivyo ni muhimu kuikwangua ikiwa kavu kabla ya kutia maji yoyote.

Mbwa aliyelowa mvua ana harufu inayojulikana na kila mtu. Bakteria na kuvu waishio katika manyoya yake hutengeneza kemikali ambazo huachiliwa kwa wingi maji yanapoyagusa manyoya. Manyoya yakibaki kwenye kiti, hata bila mbwa, hunuka kila siku yenye unyevu.

Maziwa si mnyama, lakini ni mtoto wa mnyama, na pengine ndiyo adui mkubwa kuliko wote katika nchi hii ya ng'ombe wa maziwa. Mafuta yake yakivunjwa hutoa asidi ya butiriki, yenye harufu ya siagi iliyochacha, na protini zake huoza. Kibuyu cha mursik kikipinduka safarini, dereva huwa amepata asidi, mafuta na bakteria hai kwa pamoja.

Kukitafuta chanzo

Kabla ya kununua dawa yoyote, sharti doa lipatikane. Mwenye gari si shahidi mzuri katika jambo hili, kwani pua huzoea harufu inayokutana nayo kila siku na kuacha kuisikia. Ni bora kumwomba mtu ambaye hajalipanda gari hilo kwa siku kadhaa.

Gari lifungwe vioo na kuachwa juani kwa muda wa nusu saa, kisha mtu huyo afungue mlango mmoja baada ya mwingine na kunusa kiti kimoja kimoja, kapeti, mikanda ya usalama, dari na buti. Mikanda husahauliwa mara nyingi, ilhali hushika jasho na mate ya wanyama. Mahali pa gurudumu la akiba pia pasipuuzwe, kwa sababu kioevu kilichomwagika buti hutiririka na kutulia humo.

Kifaa kimoja cha dukani husaidia sana. Taa ndogo ya miale ya urujuanimno, ile ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti bandia, huufanya mkojo uliokauka kung'aa gizani. Gari likimulikwa usiku kwa taa hiyo, mipaka ya doa huonekana. Mara nyingi doa huwa pana kuliko ilivyodhaniwa. Si kila kinachong'aa ni mkojo, kwani hata mabaki ya sabuni hung'aa, kwa hiyo pua itoe hukumu ya mwisho.

Kusafisha hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kuondoa vikavu. Mati zote zitolewe nje. Manyoya, sufu, samadi na vumbi viondolewe kwa mashine ya kufyonza vumbi, au kwa brashi ngumu na fagio dogo pasipo na umeme. Manyoya yaliyonasa kwenye kitambaa hutoka kwa urahisi mtu akipitisha mkono uliovaa glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, kwani hujikusanya kama mipira.

Glavu zina kazi nyingine. Kondoo au mbuzi akizaa au kutupa mimba ndani ya gari, maji ya uzazi huweza kubeba viini vya bruselosi, ugonjwa unaomletea binadamu homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo. Usafishaji wa aina hiyo ufanywe kwa glavu, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye. Mwanamke mjamzito hafai kushiriki. Vivyo hivyo, asisafishe kinyesi cha paka, ambacho huweza kuwa na kimelea kinachodhuru mtoto aliye tumboni.

Hatua ya pili ni kufyonza kioevu kilichobaki. Ikiwa doa ni bichi, ligandamizwe kwa taulo au vitambaa vikavu hadi vitoke bila unyevu. Mtu asisugue, kwa maana kusugua hupanua doa na kulisukuma chini.

Hatua ya tatu hutegemea chanzo. Kwa maziwa, maji yawe baridi au ya vuguvugu. Maji moto hugandisha protini za maziwa katika nyuzi za kitambaa, jinsi yai linavyoganda sufuriani. Baada ya kuondoa maziwa kwa maji hayo, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kiasi cha kijiko kimoja katika lita moja ya maji, hutumiwa kukata mafuta. Sabuni hiyo hiyo hufaa kwa mafuta ya beberu na kondoo. Povu lipakwe kwa brashi laini, kisha lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji safi, mara mbili au tatu, hadi utelezi uishe. Sabuni iliyoachwa ndani ya kiti hunasa uchafu mpya.

Kwa mkojo na harufu ya amonia, siki nyeupe ndiyo hutangulia. Huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikawekwa katika chupa ya kupulizia, na kujaribiwa kwanza mahali pasipoonekana ili kuhakikisha kuwa rangi ya kitambaa haitoki. Kiasi kinachopuliziwa sharti kifike kule mkojo ulikofika. Kulowesha juu tu ni kutwanga maji kinuni. Baada ya dakika kumi hadi kumi na tano, kioevu hicho kifyonzwe kwa taulo. Harufu ya siki yenyewe hutoweka kitambaa kinapokauka.

Hatua ya nne huja baada ya kitambaa kukauka, wala si kabla. Bikaboneti ya soda, ule unga mweupe ambao waokaji keki huutumia, hunyunyizwa juu ya kiti na kapeti, ukasuguliwa polepole kwa brashi na kuachwa usiku kucha. Unga huu hutuliza harufu zenye asidi, zikiwemo za maziwa yaliyochacha na za beberu. Asubuhi hufyonzwa au kufagiliwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huchanganya siki na bikaboneti kwa pamoja, wakiona povu linavyofoka na kudhani kwamba dawa imekolea. Kwa hakika asidi na alikali hizo huwa zinauana. Povu ni gesi ya kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni maji yenye chumvi isiyo na nguvu kubwa dhidi ya harufu. Kila kimoja kipewe zamu yake.

Wengine hutumia magadi ya kupikia mboga na maharagwe badala ya bikaboneti kwa kuwa yote hufanana. Magadi ni makali zaidi na huweza kuchujisha rangi ya kitambaa na kukakamaza nyuzi. Heri yaachwe jikoni.

Hatua ya tano ni kwa madoa sugu, hasa ya paka na ya mkojo wa siku nyingi. Dawa za vimeng'enya huuzwa katika maduka makubwa ya mijini na yale ya bidhaa za wanyama, na baadhi ya sabuni za unga za kufulia zina vimeng'enya pia, jambo ambalo huandikwa kwenye pakiti. Vimeng'enya huvunja protini, mafuta na mabaki ya mkojo vipande vidogo visivyonuka. Vinahitaji mambo matatu: unyevu, vuguvugu na muda. Doa liloweshwe, lifunikwe kwa karatasi ya plastiki lisikauke upesi, na liachwe saa kadhaa au kwa muda ulioelezwa na mtengenezaji. Maji yanayochemka huviharibu, na dawa ya klorini huviua kabisa. Kwa sababu ya baridi ya Chepseon, kazi hii ifanywe asubuhi yenye jua badala ya jioni.

Kukausha ndiyo nusu ya kazi

Gari lililosafishwa vizuri na kukaushwa vibaya litanuka ukungu. Kazi ianze asubuhi na mapema, ili saa za jua zitumike kabla ya mawingu ya alasiri. Miezi ya Desemba hadi Februari, ambayo kwa kawaida huwa na mvua chache, ndiyo inayofaa zaidi kwa usafishaji mkubwa.

Milango yote ifunguliwe na kapeti iinuliwe pembeni, vipande vya mbao au matofali viwekwe chini yake ili upepo upite. Kiti cha nyuma katika magari mengi huweza kutolewa na fundi kwa kufungua skrubu chache, kikaanikwa nje. Viti vya mbele viachiwe fundi mwenye ujuzi, kwa sababu huwa na nyaya, na katika baadhi ya magari huwa na mifuko ya hewa ya usalama. Maji mengi yasimwagwe kwenye sakafu kwa sababu hiyo hiyo, kwani nyaya nyingi hupita chini ya kapeti.

Mvua ikikatiza, gari linaweza kuwashwa mahali penye hewa, kiyoyozi kikafanya kazi pamoja na joto. Kiyoyozi hukamua unyevu kutoka hewani hata kinapotoa hewa ya vuguvugu. Kisiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu ya moshi wa injini.

Njia ya hewa nayo isisahaulike. Magari mengi ya kisasa yana kichujio cha hewa ya ndani, mara nyingi nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Kichujio hicho hunasa manyoya na vumbi la zizi. Kisipobadilishwa, feni hurudisha harufu garini kila inapowashwa, hata viti vikiwa safi kama theluji. Ni kifaa cha bei nafuu na hubadilishwa kwa dakika chache.

Makaa, kahawa na majani ya chai

Baada ya chanzo kuondolewa, hubaki mabaki madogo ya harufu hewani. Hapa makaa husaidia. Wakipsigis wanayafahamu makaa kwa namna yao, kwani kibuyu cha mursik hupakwa ndani unga wa makaa ya mti wa senetwet kabla ya kutiwa maziwa. Makaa yana vitundu vidogo mno visivyohesabika, na kemikali zirukazo hewani hunata katika kuta za vitundu hivyo. Makaa yanayotengenezwa kiwandani kwa kazi ya kuchuja hewa na maji yana vitundu vingi kuliko ya jikoni, na hufanya kazi vyema zaidi.

Makaa ya kawaida yaliyo makavu, yakiwekwa katika kikapu au mfuko wa kitambaa chini ya kiti kwa siku tatu au nne, hupunguza harufu hafifu. Hayataondoa doa lililo hai. Bila shaka yawe makaa yasiyowashwa.

Majani makavu ya chai yana tabia inayokaribiana na hiyo. Chai iliyokaushwa hunyonya unyevu na harufu upesi, na ndiyo maana haihifadhiwi karibu na sabuni, mafuta ya taa au vitunguu. Mfuko wa majani hayo garini hunyonya kiasi fulani cha harufu. Onyo lililomo ndani ya ukweli huo ni kubwa kuliko faida yake: chai ya kunywa ikisafirishwa ndani ya gari linalonuka mbuzi, mnywaji huweza kuonja mbuzi kikombeni. Kahawa iliyosagwa nayo hufunika harufu kwa harufu yake kuliko inavyoiondoa.

Mambo ya hatari

Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo isitumiwe kamwe juu ya mkojo. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi za kloramini zinazochoma mapafu. Ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini yenyewe, ambayo jeshi la Ujerumani liliitumia kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mnamo Aprili 1915. Gari ni chumba kidogo, na mtu aliyeinama chini ya kiti huivuta gesi hiyo kwa ukaribu. Anayehisi kuchomwa macho au kubanwa kifua atoke nje mara moja, aache milango wazi na kutafuta matibabu.

Petroli na mafuta ya taa hutumiwa na baadhi ya watu kutoa mafuta kwenye kitambaa. Mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo, na harufu yake ni balaa jipya. Kuingiza jiko la makaa garini ili kukausha viti ni hatari vilevile, kwani gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua kimyakimya.

Mashine za ozoni, zinazotangazwa kama dawa ya mwisho, hutoa gesi inayoharibu kemikali nyingi za harufu lakini hudhuru mapafu na kuzeesha mpira. Zikitumiwa, ziwe mikononi mwa fundi anayezielewa, gari likiwa tupu, kisha lipigwe upepo kwa muda mrefu.

Manukato yanayoning'inizwa kwenye kioo hayana hatari kubwa, ila hayatibu chochote. Kinachotokea ni kwamba abiria husikia harufu ya mbuzi aliyepakwa marashi.

Maji machafu ya usafishaji nayo yasielekezwe mtoni. Mto Nyando, ambao baadhi ya matawi yake huanzia nyanda hizi, humwaga maji yake Ziwa Victoria, na wapo wanaoyachota njiani kwa matumizi ya nyumbani. Maji hayo yamwagwe mahali penye nyasi, mbali na chemchemi na visima.

Kinga ni bora kuliko tiba

Sponji iliyolowa mkojo mara nyingi kwa miaka huenda isipone. Katika hali hiyo, fundi wa viti huweza kuikata na kuweka nyingine, na gharama hiyo pengine ikawa ndogo kuliko kununua dawa moja baada ya nyingine. Wenye busara hawafiki huko.

Turubai zito lenye kingo zilizoinuliwa, likitandikwa buti na chini yake pakawekwa gunia, huzuia kioevu kupita. Kuku wasafirishwe katika tundu lenye sakafu ya maranda ya mbao. Mbwa apanguswe kwa taulo kabla ya kupanda, atandikiwe blanketi lake, na asilishwe chakula kizito muda mfupi kabla ya safari ili asitapike. Paka awekwe katika kasha lenye matundu ya hewa na karatasi za magazeti chini.

Maziwa yabebwe katika mikebe ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu, yenye vifuniko vinavyokaza. Bodi ya Maziwa ya Kenya imekuwa ikipinga mitungi ya plastiki kwa sababu za usafi, na mkebe unaosimama imara unamwokoa pia mwenye gari.

Kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, gari la wazi la mizigo ndilo linalofaa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inahitaji kibali cha kusafirisha mifugo, na kanuni za mwaka wa 1984 chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, zinaeleza masharti ya magari yanayowabeba. Mnyama aliyefungwa miguu na kusongamanishwa ndani ya buti huteseka, na mnyama mwenye hofu hukojoa zaidi.

Anayenunua gari lililotumika naye awe macho. Gari linalonukia manukato makali kupita kiasi, lililofunguliwa vioo vyote kabla mnunuzi hajafika, lina jambo linalofichwa. Aombe vioo vifungwe, joto liwashwe kwa dakika kumi, kisha ainue mati na kuigusa kapeti kwa kiganja. Iwapo kuna unyevu au harufu ya zizi, bei ijadiliwe upya huku gharama ya sponji mpya ikihesabiwa.

Na kioevu chochote kikimwagika, mwenye gari asingoje mwisho wa juma. Saa ya kwanza, taulo kavu na maji safi hufanya kazi ambayo baada ya mwezi mmoja chupa tatu za dawa hazitaiweza.